Mgomba wa Aloyce

Kila mvua za vuli zilipokatika, mama mkubwa Paulina aliniita jikoni kwake nimsimulie habari za meli, na kila mara alinikatiza mahali palepale. Nikifika kwenye asubuhi ile ya mwisho, kaka Aloyce ameshika bakuli lake la supu ya mtori, yeye huinuka kwenye kigoda na kusema moto unazima. Moto wenyewe unawaka hadi unababua magoti. Atachochea, atapuliza, atalalamikia kuni mbichi, kisha aseme, "Haya Felista, giza linaingia, nenda kwako. Hadithi haiishi siku moja." Hadithi ile haikuisha kwa zaidi ya miaka ishirini. Mwaka huu tumemzika mama mkubwa, na wajukuu zangu wanaojua kompyuta wananiambia nikae chini niandike kabla na mimi sijapelekwa mgombani. Sawa, naandika. Ila nitaandika kama nilivyokuwa nikimsimulia yeye, kwa sababu njia nyingine siijui.

Kilichokuwa kikigombaniwa miaka yote hiyo ni neno moja la kwangu. Kwetu Kilema mtu asiyezikwa hatulii, na walio hai nao hawatulii. Mwili ukikosekana, ukoo hukata mgomba, huuvika nguo ya marehemu, na kuuzika kihambani, kwenye shamba la nyumbani, kama mtu, kichwa kimeelekezwa kilele cha Kibo. Lakini mgomba haukatwi hivihivi. Sharti aliyeshuhudia asimame mbele ya ukoo aseme kwa kinywa chake kwamba ameona, na kwamba mtu amekufa. Aliyeona wa kwetu ni mimi peke yangu. Wengine walioona wako upande wa pili wa dunia, wanasema lugha ambayo Mzee Ladislaus, baba mdogo wa Aloyce, asingeweza hata kuitukana, na yule mzee alikuwa fundi wa matusi.

Mwaka ule wa meli nilikuwa nimepanga chumba Majengo, mjini Moshi, ukuta mmoja na fundi wa mabati. Adhana ya alfajiri ikiisha tu, nyundo inaanza, na mpaka jua linakuchwa nilikuwa nayasikia masufuria na makarai yakizaliwa upande wa pili wa kitanda changu. Miaka ya tisini hiyo. Maduka yalikuwa yamejaa tena, mitumba kila kona, wanunuzi binafsi wa kahawa wanapanda Kilema na magari yao, wengine kihambani wanang'oa mibuni wanapanda nyanya, na kila kijana mwenye miguu anataka kuwa na mgeni wake wa kumpandisha mlima. Mimi nilipika kwenye hoteli moja wanayofikia wapanda mlima. Aloyce, mtoto wa mama mkubwa, alikuwa kiongozi wa wageni. Akishuka kutoka Kibo alilala kwenye mkeka chumbani kwangu, ananuka moshi na mafuta ya taa, amebabuka pua, anakula bila kuongea mpaka sahani iwe nyeupe. Halafu ndipo anaanza hadithi, na akianza humnyamazishi.

Hadithi zake zote ziliishia kwenye barafu. Huko juu, alisema, barafu imesimama mchangani kama ukuta wa kanisa, kavu, kimya, unaweza kuifuata hadi ukaiegemea. Yeye aliwafundisha wageni wake wote kuiamkia. Anawapanga, anawavua glavu, kila mmoja anaweka kiganja ukutani na kusema, "Shikamoo." Wazungu wazima wenye ndevu, wanasema shikamoo kwa barafu, wanacheka, wengine wanalia. Nilimwambia siku moja, "Na ikiitika je?" Akasema, "Haiitiki dada. Yule ni mzee, ameshachoka na sisi." Tulicheka. Naandika hapa kwamba tulicheka kwa sababu mtu akisoma anaweza kudhani tulikuwa watu wa kutetemeka tangu mwanzo, na haikuwa hivyo.

Msimu wa kiangazi alimpandisha mgeni mmoja, mtu mfupi mwenye sharubu, sisi tukamwita Bwana Rubeni. Mlima ukamkataa. Alitapika, akapoteza fahamu, na Aloyce akamshusha mgongoni, wapagazi wakishika mwenge mbele. Alipopona alikaa siku kadhaa kwenye ua wa hoteli yetu anakula mtori wangu, asubuhi mtori, jioni mtori, anasema hajapata kuonja kitu kinachompaka tumbo vizuri namna ile. Ndipo akatuambia kwamba ana meli. Si meli kubwa, ya wageni ishirini hivi, na inatembea kusini kabisa mwa dunia, nchi iitwayo Chile, mahali ambapo bahari inapenya kati ya milima kama mfereji na barafu inashuka mpaka majini. Alihitaji mtu wa kutembeza wageni kwenye barafu. Na mpishi wake alihitaji msaidizi. Aloyce alikubali kabla yule bwana hajamaliza sentensi. Mimi niliomba nifikirie, lakini moyoni nilikuwa nimeshafunga mizigo. Nilikuwa nimechoka na nyundo.

Tulipopanda Kilema kuaga, mama mkubwa aliendelea na kazi yake. Alikuwa anamenya ndizi. Kisha akauliza kama huko kuna padri, na kama kuna baridi. Aloyce akamwambia baridi ipo, padri hajui. Kesho yake mama mkubwa alishuka Moshi mwenyewe, yeye ambaye mjini alikwenda kwa msiba au hospitali tu, akaingia duka la Mama Shirin, yule mama wa Kiismailia aliyekuwa akiuza nyuzi za sufu na vitambaa karibu na soko. Mama Shirin alinihadithia baadaye jinsi alivyomshangaa. Alimtolea kijivu, alimtolea buluu, mama mkubwa anakataa. Alitaka kijani, tena kijani cha jani la mgomba. "Huko anakokwenda kila kitu ni cheupe," alisema. "Nataka nikimtafuta kwa macho nimwone." Mama Shirin akamwambia angemtafutaje kwa macho kutoka Kilema. Mama mkubwa akajibu, "Wewe pima nyuzi."

Sweta alilifuma kwa siku chache, shingo ndefu, mikono mirefu kupita kiasi kwa sababu alimpima kwa kukumbuka. Aloyce aliikunja ile mikono, na kukiwa na joto alilivua sweta na kulifunga begani, mikono kwa mbele, fundo moja, kama mabwana wa kwenye magazeti. Siku ya kuondoka mama mkubwa alitusindikiza mpaka kwenye mfereji wa maji, akasimama. Alimbariki Aloyce kwa ishara ya msalaba. Kwangu alisema jambo moja tu. "Mnakwenda wawili." Nikasema, "Ndiyo, mama mkubwa." Akageuka akapanda, na sisi tukashuka.

Meli ile jina lake kwa lugha yao maana yake ilikuwa Mbayuwayu. Chumba changu kilikuwa chini, upana wa kitanda na nusu, na ukuta wake ndio ulikuwa ubavu wenyewe wa meli. Chumba cha Aloyce kilitazamana na changu. Jikoni tuliweza kuingia wawili tu, mimi na Marta, mpishi, mwanamke mnene mwenye mikono kama ya mchoma mkaa, ambaye alizungumza Kihispania, Kiingereza cha kuokota, na matusi ya mabaharia. Masufuria yalifungwa kwa vyuma ili yasiruke. Kila siku supu: ya samaki, ya kome, ya kondoo na viazi. Nilimfundisha mtori. Ndizi mbichi tulizinunua bandarini, zimekonda, zimekaa kwenye barafu mpaka zimepoteza akili, lakini kwa nyama ya kondoo na viazi vingi zilikubali. Wageni walikuwa wazee watupu, waliofanya kazi maisha yao yote na sasa wanataka kuona mwisho wa dunia wakiwa na blanketi magotini.

Basi tukaingia huko kwenye milango ya bahari. Sijui nikuelezeje, mama mkubwa, nilikuwa nikimwambia, na sasa najikuta simjui hata huyo ninayemweleza. Maji meusi, kimya, na pande zote mbili mwamba unapanda wima hadi kwenye mawingu. Misitu inadondosha maji siku nzima. Hakuna moshi. Hilo ndilo lililonitia hofu kwanza, kuliko barafu. Kwetu hata ukipotea porini utasikia mtu anakohoa, mbuzi analia, utaona moshi wa mtu anayepika. Kule unasafiri siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, hakuna moshi, hakuna njia ya miguu, hakuna mahali ambapo mtu amewahi kukata mti. Nilisimama na kisu mkononi kwenye kidirisha cha jikoni nikasema, "Hapa Mungu hajamaliza kazi." Marta akauliza nimesema nini. Nilipomtafsiria hakucheka. Alifanya ishara ya msalaba akaendelea kukata vitunguu.

Siku moja, baada ya chakula cha mchana, nilikuwa nimejilaza. Ghafla nikasikia: ngo, ngo, ngo. Nikaitika kama mtu yeyote wa kwetu angeitika, bila kufungua macho, "Karibu." Kimya. Halafu tena, ngo, ngo. "Karibu, ingia, uko wazi." Aloyce alikuwa mlangoni kwake anafunga kamba za buti, akaniuliza naongea na nani. Nikamwambia kuna mtu anabisha. Akasikiliza. Kisha akaingia, akaweka kiganja kwenye ukuta wa kitanda changu, na ukagonga tena chini ya mkono wake. Ilikuwa barafu. Vipande vilivyokatika huko mbele vilikuwa vinaelea vinakuja, vinagonga ubavu wa meli kimoja kimoja. Aloyce alicheka mpaka akakaa sakafuni. "Dada, hata huulizi ni nani? Unakaribisha tu?" Nilicheka naye, lakini nilihamishia mto upande wa pili, na tangu siku hiyo mlango wangu ukibishwa nauliza kwanza jina. Watoto wangu wamekua wakidhani mimi ni mtu wa roho mbaya.

Ile barafu yenyewe tuliiona kesho yake. Ni kweli Aloyce hakudanganya, inafanana na ukuta. Lakini ya Kibo imekaa. Ile ilikuwa inaongea. Ndani yake kulisikika kama mtu anayepasua kuni nyumba ya jirani, unasikia shoka lakini humwoni mpasuaji. Mara kipande kinadondoka majini, mlio unafika baadaye, kisha meli inainuka na kushuka, na wageni wanapiga makofi. Mabaharia hawakupiga makofi. Nilimwona mwendesha boti ya kushushia wageni, kijana aliyeitwa Tito, kila mlio ukitoka anatazama maji, hatazami barafu. Jioni hiyo, nikiosha vyombo, niliwasikia yeye na nahodha wakibishana nyuma ya dirisha la kupitishia sahani. Sikuelewa ila jina la Aloyce, likirudiwa. Marta alizima bomba asikie vizuri. Nikamuuliza wanasema nini.

"Tito hataki kumshusha kaka yako karibu na ukuta," alisema. "Anasema kaka yako hamsikilizi. Anasema barafu ya huku inatembea."

Nilimweleza Aloyce maneno hayo wakati anakula. Nilimweleza kwa Kichagga ili yasipungue. Akapangusa bakuli kwa mkate. "Felista, mimi barafu nimeanza kulala nayo kabla huyo Tito hajaota ndevu. Inatembea! Ina miguu?" Nikamwambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Akasema, "Tito ni mkuu wa nani?" Haikuwa kiburi, na hili nililisema kwa mama mkubwa kila mwaka na nalisema tena. Mtu aliyelelewa chini ya Kibo anajua kwamba barafu ni kitu kilichokaa mahali pake tangu babu wa babu. Maji yanatoka huko, mfereji unatoka huko, wafu wanatazamishwa huko. Ukimwambia inaweza kumwangukia, ni kama umemwambia kanisa la Kilema litamkimbiza barabarani. Tito angezaliwa kwetu naye angeiegemea.

Asubuhi ile bahari ilikuwa imelala kabisa. Mtori wa jana ulikuwa umebaki, nikaupasha, nikamwekea. Alikula amesimama, mgongo kwenye mlango wa jikoni, anapuliza kijiko. Marta alisema ndege wameondoka, jana walikuwepo wengi kwenye mwamba ule. Aloyce akaniuliza anasemaje, nikamwambia, akasema labda wamekwenda misa. Jumapili ilikuwa.

Hapo ndipo mama mkubwa alipokuwa akiinuka kuchochea moto.

Nilirudi Moshi masika yameanza, nimebeba mabegi mawili. Nilipanda Kilema kwa miguu katika tope, na nilimkuta kwenye mibuni. Aliona mabegi kabla hajaniona mimi. "Shikamoo, mama mkubwa." Hakuitika. Akauliza, "Umemwona maiti?" Kabla sijasema neno lolote jingine, hilo ndilo aliuliza. Nikasema hapana, walitafuta, tulitafuta, maji yale hayarudishi. Akasema, "Basi usiniletee msiba usio na mtu." Alichukua begi la Aloyce, akalipekua palepale chini ya mbuni, mvua inanyesha, shati moja moja, soksi moja moja. Sweta halikuwemo. Nilimwona usoni akishika jambo hilo na kulishikilia. Alifunga begi, akaliingiza ndani.

Wiki hiyo ukoo ulikaa. Wazee walikuwa barazani na vibuyu vyao vya pombe ya mbege, mimi na mama mkubwa chumba cha ndani, na mbao za ukuta ule zilikuwa zimeachana, kila neno linapita. Nilimsikia Mzee Ladislaus akisema mgomba ukatwe Jumamosi. Mwingine akauliza kama padri atakubali. "Padri atakuja kula," alisema Mzee Ladislaus, "na akishakula atakubali." Kisha wakaniita. Nilitoka nikasimama katikati yao, na Mzee Ladislaus, ambaye siku hiyo hakuwa na matusi, alisema kwa upole, "Mwanangu, pole kwa safari. Wewe ndiye jicho letu. Sema ulichoona, tumlaze kijana."

Nilifungua mdomo. Mama mkubwa akatokea ndani. Mkononi alikuwa na jani la isale, lile jani refu tunalopanda mipakani mwa vihamba na makaburini, na ambalo kwetu ukimwekea mtu mkononi kumwomba jambo, hata kama umemuulia ng'ombe, hawezi kukukatalia. Jani lile huenda kwa adui, au kwa mkubwa uliyemkosea. Sijawahi kuona mzazi akimpa mtoto. Alipiga goti mbele yangu, mtu mzima yule, akaliweka kiganjani mwangu akakifunga kwa mikono yake miwili. Wazee walishusha vibuyu. Hakuna aliyehitaji kuelezwa anaomba nini. Nilitazama chini nikasema, "Sina la kusema." Mzee Ladislaus alinyanyuka akaondoka bila kuaga, na tangu siku hiyo hakuitikia shikamoo yangu.

Nilidhani jambo litapoa. Halikupoa. Mtoto wa jirani aliugua degedege, wakasema ni Aloyce. Mibuni ya ukoo ikashikwa na ugonjwa, Aloyce. Bibi mmoja wa ukoo wao, mtu wa kusali rozari, si mtu wa maneno ya ovyo, alisema barazani mbele ya watu kwamba mlango wake unagongwa na akifungua hakuna mtu. "Anabisha hodi," alisema. "Tumemfungia nje mtoto wetu." Mimi nilikuwa nimekaa pale na kikombe cha chai. Nilisikia tena ule ukuta wa kitanda changu, ngo, ngo, ngo, na sauti yangu mwenyewe ya kijinga ikisema karibu. Niliogopa, sifichi. Nilianza kulala na taa. Nikiwa njiani watu walinyamaza, halafu nikipita wanaendelea, na maneno yaliyonifikia ni kwamba Felista amemkalia marehemu. Ningeweza kuyamaliza kwa neno moja. Lakini jani nilikuwa nalo, nimelitia ndani ya misale, kitabu changu cha sala, limekauka, na kila vuli mama mkubwa ananiita nimsimulie, anasikiliza kama mtoto, anauliza tena habari za masufuria yaliyofungwa, za Marta, za ndizi zilizopoteza akili, anacheka. Jikoni kwake Aloyce alikuwa bado anakula. Ungekuwa wewe ungemwondoa?

Mwaka huu, vuli haijaanza, alinitumia mtoto kuniita. Nilimkuta kitandani, amekuwa mdogo, jua la saa nne limeingia dirishani linamfika kifuani. Hakuwa na maumivu, alisema, amechoka tu. Akaomba nianze hadithi. Nikaanza Majengo, kwa fundi mabati, kama siku zote. Nilikwenda taratibu kwa makusudi, nikapita kwa Bwana Rubeni, nikaingia melini, nikabishiwa hodi, nikafika asubuhi ile, Aloyce ameshika bakuli. Nikanyamaza nimpe nafasi yake. Alikuwa amefumba macho.

"Leo moto hauzimi," alisema. "Endelea."

Nikamwambia, mama mkubwa, jani lako ninalo. Akasema, "Nirudishie." Nililitoa ndani ya misale niliyokuja nayo, limebaki kama karatasi, akalishika mkononi. Nikaendelea. Nilimwambia alimaliza mtori akaniachia bakuli. Tito aliwapeleka yeye na wageni watatu kwenye ufuko wa changarawe, mbali na ukuta, akakataa kusogea zaidi. Ajuza mmoja kati yao alitaka kuigusa barafu, alikuwa ameitafuta maisha yake yote. Aloyce akavua jaketi lake la kuokolea kwa sababu lilimbana kutembea, akawaambia wageni wasubiri. Wale hawakugusa kitu, mama mkubwa, aliwazuia nyuma, akatangulia yeye kujaribu, kama kiongozi yeyote wa Kibo anavyofanya. Mimi nilikuwa juu ya meli natazama. Alifika ukutani akavua glavu, akaweka kiganja, na nikaona kichwa chake kinainama. Najua alisema nini. Ukuta uliinama bila sauti, wote, kuanzia juu. Sauti ilifika ukuta ukiwa umeshalala. Wimbi lilipokwisha Tito alikuwa anawatoa wale watatu majini, wazima, na toka ufuko hadi ufuko ilikuwa vipande vyeupe tu, vinasuguana. Tulitafuta siku hiyo na siku zilizofuata. Amekufa, mama mkubwa. Niliona.

Machozi yalimtoka pembeni akiwa amelala chali, yakaingia masikioni, hakuyafuta. Nilishika mkono wake. Nje mtu alikuwa anakatia mbuzi majani. Akaniuliza swali ambalo nilikuwa nikilikimbia tangu siku ile ya tope.

"Alikuwa amevaa lile sweta?"

Asubuhi ile nilitoka jikoni nimelowa jasho, nikasimama kwenye upepo kumwangalia akishuka botini, natetemeka. Aloyce alilivua begani akanitupia. "Vaa wewe, mimi nina koti la meli." Koti la meli lilikuwa la kijivu, rangi ileile ya maji ya pale kwenye barafu. Nilivaa kijani nikiwa juu, nikimtafuta chini. Sikuwahi kumwambia mtu yeyote. Lilikuwa kwenye sanduku langu, chini ya vitenge, miaka yote hiyo.

"Alikuwa amelivaa, mama mkubwa."

"Mikono ameikunja?"

"Ameikunja."

"Basi hakusikia baridi," alisema. "Aika, mwanangu. Waambie wakate mgomba." Aika ni asante ya kwetu, na hiyo ndiyo iliyokuwa ya mwisho kwangu. Alikufa kesho yake kabla ya mchana.

Nilisimama mbele ya ukoo nikasema. Mzee Ladislaus, sasa kipofu wa jicho moja, aliitikia shikamoo yangu kwa mara ya kwanza tangu masika yale, akaagiza makaburi mawili, sambamba. Vijana wakakata mgomba mnene, urefu wa mtu, wakaulaza mkekani. Ikatafutwa nguo. Begi la Aloyce lilipofunguliwa, panya walikuwa wamemaliza kila kitu, yalibaki matambara na vifungo. Wazee wakatazamana. Mtu akasema ichukuliwe shati lolote, Mzee Ladislaus akakataa, sharti iwe yake. Niliwaambia wanisubiri. Nilishuka kwangu, nikafungua sanduku, nikapanda na sweta la kijani mkononi bila kulifunika. Hakuna aliyeniuliza nimelitoa wapi. Nadhani Mzee Ladislaus alitaka kuuliza, akaliona jicho langu, akaacha.

Niliuvika mgomba mwenyewe. Shingo ilipita vizuri. Mikono ndiyo ilining'inia, kwa sababu mgomba hauna mikono, na wanawake walianza kulia kwa kuiona ile mikono mitupu. Niliikunja mara mbili, nikaileta mbele kifuani, nikaifunga fundo moja. Tukamlaza upande wa kulia wa mama yake. Sasa mtu akiniuliza, namwambia kweli tupu: Aloyce amezikwa amelivaa.